Mzigo Umemwangukia Nani? Amin, Kinjeketile na Sisi wa Muhokya

Jumamosi moja jioni tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaazima jenereta na projekta, tukawaonyesha vijana wa kambi filamu ya The Last King of Scotland. Ni ile ya mwaka 2006 inayomhusu Idi Amin. Nakala tuliyoipata ilikuwa ya kibandani, yaani ina sauti ya VJ anayetafsiri kwa Luganda juu ya sauti za waigizaji. Na ninyi mnawajua VJ wetu: anatafsiri kidogo, anaongeza chumvi nyingi. Amin akicheka, VJ anacheka kumzidi. Amin akikasirika, VJ anamsaidia kutukana. Vijana walivunjika mbavu.

Taa zilipowaka, mzee mmoja Mkonzo, ambaye mafuriko ya Nyamwamba yalimtoa kwake Kilembe mwaka 2020, akaomba kusema neno. Akasema, "Wanangu, huyu mnayemcheka ndiye aliyetupa wilaya." Akaeleza kwamba mwaka 1974 Amin aliigawa Toro, akatoa wilaya ya Rwenzori, ambayo leo ndiyo Kasese yetu, na ile ya Semuliki upande wa Bundibugyo. Watu wa mlimani walikuwa wameidai wilaya yao miaka na miaka. Obote aliwakatalia. Amin aliwapa.

Mzee hajakaa vizuri, mama mmoja akajibu kutoka nyuma: "Na mimi baba yangu nitapewa na nani?" Baba yake alichukuliwa na wanajeshi mwaka 1977 akiwa anatoka sokoni. Mpaka leo hawana kaburi.

Hakuna aliyecheka tena. Ilisikika jenereta tu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeandaa jioni ile, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kusema kitu, na sikuwa na la kusema. Nikasema, "Asanteni, tutaonana wiki ijayo." Kwa kweli nilikimbia.

Makala hii ni jibu langu lililochelewa. Swali ni hili: mwandishi akimchukua mtu aliyeishi kweli, mwenye watoto, mwenye waliomlilia na waliomkimbia, akamtia kwenye hadithi, anadaiwa nini, na anadaiwa na nani? Sikuliuliza kwa sababu ya mtihani. Nimeliuliza kwa sababu katika kikundi chetu cha uandishi vijana wameanza kuandika juu ya watu halisi, na baadhi ya watu hao, au ndugu zao, wanachota maji kwenye bomba moja na sisi.

Nianze na filamu ile, kisha kitabu chake.

Kitabu kinatangulia. Ni riwaya ya Giles Foden, Mwingereza aliyekulia Afrika, iliyotoka mwaka 1998. Mfanyakazi mmoja wa shirika aliniachia nakala yake alipomaliza mkataba, nikaisoma taratibu na kamusi pembeni. Msimuliaji ni daktari kijana wa Scotland, Nicholas Garrigan, ambaye hakuwahi kuishi, ametungwa. Anaanzia kazi Mbarara, barabara hii hii yetu ukienda kusini. Siku moja gari la Amin linagonga ng'ombe, Amin anaumia mkono, daktari anaitwa kumtibu. Amin anampenda, anamchukua Kampala kuwa daktari wake.

Foden amefanya jambo moja ambalo namheshimu nalo. Amin wake anapendeza. Anachekesha, ana huruma ya ghafla, anajua kumfanya mtu ajione muhimu. Kuna watu wanaosema hiyo ni kumsafisha muuaji. Mimi sioni hivyo. Kama Amin angekuwa shetani mwenye pembe, nani angemshangilia Januari 1971 alipompindua Obote? Watu walicheza barabarani Kampala. Mzee wetu wa Kilembe si mjinga, na wala si mtu mbaya. Alipewa kitu cha kweli na mtu aliyekuwa anaua watu wengine. Riwaya isiyoweza kumweka mzee yule ndani yake itakuwa imesema uongo hata kama tarehe zote ziko sawa.

Lakini angalia utata umewekwa wapi. Anayehangaika rohoni ni daktari. Anaona mambo, anabaki. Mtu wa ubalozi wa Uingereza anamwambia ammalize Amin kwa dawa, hafanyi. Anajiuliza: mimi ni mtu wa namna gani niliyempenda mtu huyu? Ni swali zuri, tena wageni wengi waliokuja kutusaidia wangefaa kujiuliza. Ila Waganda wenyewe ndani ya kitabu hawapewi nafasi ya kuhangaika hivyo. Wanaogopa, wanakufa, au wanatekeleza amri. Dhamiri ina mtu mmoja tu, naye ana tiketi ya ndege.

Filamu ikazidisha. Hapa nataka twende polepole kwa sababu ndipo nilipoanza kupata kipimo changu.

Amin alikuwa na mke anayeitwa Kay. Mwaka 1974 Amin alimtaliki, na mwaka huo huo mwili wa Kay ulikutwa umekatwa vipande. Habari inayokubalika zaidi ni kwamba alikuwa na uhusiano na daktari Mganda, akashika mimba, na akafa wakati mimba ile inatolewa. Daktari huyo naye akajiua. Foden katika riwaya hakuenda mbali sana na habari hiyo. Daktari Mganda yumo. Filamu ikamfuta. Mahali pake kitandani ikamweka Garrigan, mtu ambaye hakuwahi kuwepo duniani. Kisha ikaonyesha kwamba Amin aliagiza Kay auawe na kukatwa kwa sababu ya kosa hilo, na kamera ikatuonyesha mwili.

Mtasema, ni hadithi tu, mwandishi ana uhuru. Sawa. Nakubali uhuru. Lakini Kay alikuwa mwanamke wa kweli na ana watoto wa kweli. Amepewa dhambi ambayo hakuifanya, na mtu ambaye hakuwepo, ili sisi watazamaji tumwonee uchungu mtu ambaye hakuwepo. Hata mwisho wa filamu ni hivyo hivyo: daktari mmoja Mganda anamfungua Garrigan ili atoroke na ndege ya mateka wa Entebbe, kisha yeye anapigwa risasi. Anakufa ili mgeni akaeleze dunia. Kana kwamba Waganda wenyewe hawana mdomo.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Hakuna mwandishi anayeandika historia bila kubadilisha kitu. Kuuliza "amebadilisha?" hakutoshi, jibu litakuwa ndiyo daima. Tuulize: alipobadilisha, mzigo umemwangukia nani? Nani amefanywa mwepesi, na nani amebebeshwa?

Sasa twende kitabu cha pili. Si riwaya, ni tamthilia, lakini shida ni ile ile, na kimeandikwa kwa Kiswahili. Ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Wengi waliosoma Kenya na Tanzania wanaijua kutoka shuleni. Sisi wa upande huu hatukuisoma. Uganda bado wapo wanaosikia Kiswahili wakakumbuka bunduki ya askari, na Amin mwenyewe ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Nakala yangu nilipewa na mwalimu, haina jalada na kurasa mbili za katikati zimeshikana. Nimeisoma mara nne.

Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa kweli, wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji. Alisema amepagawa na Hongo, pepo wa majini. Akatoa maji ya dawa, na habari ikaenea kusini yote ya Tanganyika kwamba anayekunywa au kunyunyiziwa maji yale, risasi ya Mjerumani itageuka maji. Watu waliokuwa wakilimishwa pamba kwa viboko, makabila yaliyokuwa hayaaminiani, yakaungana. Vita vikaanza Julai 1905 kwenye milima ya Wamatumbi kwa kung'oa pamba, vikaendelea mpaka 1907. Risasi hazikugeuka. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza waliobaki. Wajerumani walihesabu vifo 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Mtu kama huyo unamwandikaje? Kwa shujaa wa taifa ni rahisi: mpe hotuba, mpe wimbo. Kwa tapeli ni rahisi pia: mpe tamaa. Hussein alikataa njia zote mbili, na kwenye utangulizi akatuambia wazi kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, ni mtu wa kubuniwa. Namsifu kwa kusema hivyo mlangoni, kabla hatujaingia.

Kinjeketile wa Hussein anaingia mtoni, anatoka, anasema maneno makubwa. Anaamini. Watu wanaungana. Halafu anagundua kwamba ndani ya maneno yake mwenyewe mna jambo baya: pepo amesema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watoke kwa Mjerumani waingie kwa Sultani. Anashtuka. Anaanza kujiuliza neno lile ni la nani. Anataka wasubiri, wajipange kwanza. Lakini neno limeshatoka, lina miguu yake, na watu hawataki kusubiri. Mtu aliyeanzisha jambo halimsikilizi tena.

Sasa angalia alichobadilisha Hussein. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza. Hakuona maiti. Hakuona njaa. Kifo kilimwahi, na kwa namna fulani kilimwepushia hesabu. Hussein hakumruhusu kuondoka mapema hivyo. Amemweka hai mpaka ushindwe umekuja, akamfunga gerezani pamoja na Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, akamlazimisha ayatazame yaliyotokea. Wakubwa wanataka atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda naye anamsihi aseme. Kinjeketile anakataa, kwa sababu anajua kesho Mjerumani atawaambia watoto kwamba kosa la baba zao lilikuwa kupigana. Anaona hata neno lenye kasoro limezaa kitu ambacho wajukuu watakihitaji.

Je, ana haki? Hussein hasemi. Mimi nikisoma nasimama na Kinjeketile. Nikifunga kitabu namkumbuka Kitunda, ambaye ndiye aliyewapeleka vijana mbele ya bunduki, nabadilika. Lakini kipimo changu kinafanya kazi: mwandishi amebadilisha historia, na mzigo ameuweka juu ya mhusika mkuu mwenyewe, mabegani mwa aliyesema neno. Filamu ya Amin ilibadilisha historia ikauweka mzigo juu ya mwanamke aliyekufa. Hiyo ndiyo tofauti.

Wengine mtauliza kwa nini nimemng'ang'ania Kinjeketile, mtu wa mbali vile, wa miaka mia moja iliyopita. Basi niseme. Mimi nilivuka Mpondwe nikiwa mtoto, na kwetu ng'ambo maji hatuyaiti maji. Tunayaita mayi. Wale wapiganaji mnaosikia kwenye redio, Mai-Mai, ndilo neno hilo hilo. Na dawa ni ile ile: unanyunyiziwa, unapewa masharti, usimguse mwanamke, usiibe, usile hiki wala kile, na risasi itakuwa maji.

Mjomba wangu, mdogo wa mama, alikuwa msaidizi wa dokta. Si dokta wa hospitali. Dokta wa mayi. Yeye ndiye aliyekuwa anabeba ndoo.

Nyumbani hatumzungumzii kwa sauti moja. Mama anasema mjomba aliamini kwa moyo wote, alinyunyizia hata watoto wake. Shangazi anasema aliamini kuku na mbuzi waliokuwa wanaletwa. Kijana akipigwa risasi, walisema amevunja sharti. Hilo ndilo lililoniuma zaidi nilipokuwa mkubwa nikalielewa: maji hayakosei kamwe, anayekosea ni maiti. Mzigo ulikuwa umeshawekwa, tena ukawekwa juu ya yule asiyeweza kujitetea. Mama za vijana wale walizika na aibu juu.

Mjomba naye alikufa, kwa homa, kitandani. Kama Kinjeketile wa historia, aliondoka kabla ya kuulizwa.

Miaka mingi nilitaka awe kitu kimoja. Nikiwa na hasira na wale waliochoma kijiji chetu, alikuwa shujaa. Nikikutana na kijana asiye na mguu, alikuwa mwongo. Kitabu cha Hussein hakikunipa jibu. Kilichonipa ni mtu anayeweza kuamini asubuhi, kutilia shaka mchana, na usiku akaendelea kubeba ndoo kwa sababu watu wamepanga foleni. Nadhani mjomba alikuwa hivyo. Sisemi kwamba hiyo inamwondolea kitu. Inanizuia tu nisimdanganye wala nisimsingizie.

Sasa nirudi kwa vijana wetu. Kijana mmoja wa kikundi, mwenye miaka 17, ameandika hadithi juu ya kamanda aliyemchukua kaka yake. Kamanda huyo ana jina, na yako majumba hapa ambayo jina hilo linatajwa kwa heshima. Katika hadithi kamanda anagawa muhogo sawa sawa, anafundisha watoto kuimba, na usiku mmoja analia. Tulipoisoma kikundini msichana mmoja alisimama akasema: "Umemfanya analia? Sisi alitufanya tulie." Akatoka nje.

Nilimwita kijana pembeni. Nikamwambia kulia kwa kamanda kubaki. Kama ulimwona au kaka yako alikuambia, kubaki. Watu wabaya wanalia. Jina ubadilishe, kwa usalama wako na wa watoto wake. Lakini nikamuuliza juu ya mwisho, kwa sababu katika hadithi kaka anarudi nyumbani, anapokewa, wanakula. Na sote tunajua kaka hajarudi.

Nikampa kipimo changu: umebadilisha, mzigo umemwangukia nani? Kaka akirudi, kamanda anakuwa mwepesi. Alimchukua mtoto wa watu, akamrudisha, akalia kidogo, basi, mtu mwema.

Kijana alinyamaza, kisha akaniambia, "Yaya, mama yangu ndiye nitakayemsomea."

Hapo kipimo changu kilikwama. Sikukifikiria kile. Mimi nilikuwa napima waandishi waliokaa London, waliouza vitabu na tiketi. Sikuwa nimempima mtoto anayemwandikia mama yake ili apate usiku mmoja wa usingizi. Nilimwambia aende afikiri, na mimi nikaenda kufikiri.

Wiki mbili baadaye alirudi na mwisho mpya. Kaka amesimama kwenye foleni ya maji, amevua shati. Mbele yake wako watatu, nyuma yake wengi. Hadithi inaishia pale. Sikumwambia hivyo, alifika mwenyewe. Kamanda hajasafishwa, na mama hajaambiwa kwamba mwanawe amekufa. Itatoka kwenye kijarida hiki toleo lijalo, na yule msichana amekubali kuandika yake, ya upande wa waliolizwa. Nataka zikae ukurasa kwa ukurasa.

Neno kwa ndugu zetu wa mashirika, ambao najua mnasoma hapa. Mara nyingi mnatuomba hadithi za ripoti, na fomu ina nafasi mbili tu: aliyedhulumiwa na aliyesaidiwa. Mjomba wangu haingii kwenye fomu ile. Mzee wa Kilembe haingii. Mkiona kijana ameandika kitu kisichokaa vizuri kwenye nafasi zenu, msikinyooshe. Kiacheni na kona zake.

Na neno kwa vijana wa hapa mlimani. Natamani siku moja nisome riwaya ya Isaya Mukirane, mwalimu aliyeongoza Rwenzururu, akatangaza nchi yake, akafa huko juu mwaka 1966. Iwe na Wakonzo waliomwimbia, na iwe pia na Watooro walioacha nyumba zao wakati ule. Iandikwe na mtu ambaye bibi yake alikuwepo. Mnajua wenyewe, baada ya Novemba 2016 pale ikulu ya Kasese, kwa nini riwaya ya namna hiyo inaogopesha, na kwa nini inahitajika.

Mzee wa Kilembe na yule mama bado wako kambini. Nimewaona mara kadhaa kwenye foleni ya bomba, kila mmoja na kibuyu chake cha plastiki, wanasalimiana kwa adabu. Mwezi ujao tutaigiza sehemu ya gerezani ya Kinjeketile, na nimewaalika wote wawili wakae mbele. Safari hii taa zikiwaka sitasema tutaonana wiki ijayo. Nitauliza swali langu, nitakaa, nitasikiliza.